Pampu Yetu na Kijitabu Chake

Katika kazi ya ukarani hakuna sifa inayozidi hii, kwamba karatasi haipotei mkononi mwako. Nimeifanya kazi hiyo katika ofisi ya serikali hapa Homa Bay kwa miaka kumi na zaidi, na sijapata kuulizwa barua nikaikosa. Wenzangu wakitafuta faili huja kwangu kwanza. Nayasema haya ili msomaji afahamu vema ni karatasi ya namna gani iliyotutia hasarani mimi na ndugu yangu mdogo. Haikupotea hata siku moja. Nilikuwa nimeitunza vizuri mno.

Kwetu ni Nyatike, katika Kaunti ya Migori, karibu na mto Kuja. Mto huo hutoka katika vilima vya Kisii na Nyamira, hupokea maji ya mto Migori njiani, kisha huingia katika Ziwa Viktoria. Watu wa huku chini huujua kwa mafuriko wakati wa masika na kwa matope wakati wote. Lakini ifikapo Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mashamba ya mbali na mto yamekauka, mwenye kipande cha ardhi ukingoni mwa Kuja ana mali, ikiwa anacho cha kuyapandishia maji. Marehemu baba alituachia kipande kama hicho. Kwa miaka mingi ndugu yangu alikuwa akikimwagilia kwa ndoo, mistari michache ya sukuma wiki, basi.

Mwezi wa Desemba 2021 tulifanya shauri. Mimi nina mshahara na sina nafasi, yeye ana nafasi na mikono yenye nguvu na hana mshahara. Nikakopa shilingi 40,000 kutoka Sacco yetu kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, nilipe kwa miezi 24, nikawa nikikatwa shilingi 1,883 kila mwisho wa mwezi. Tukanunua pampu ndogo ya petroli kwa shilingi 23,500 na mipira ya kuvuta na kusukuma maji kwa shilingi 8,200. Zilizobaki zikaenda kwenye miche, mbolea na petroli. Tulipatana kwamba nyanya zikiuzwa tutagawana nusu kwa nusu baada ya kuondoa gharama.

Tena tulikuwa na sababu ya kufanya haraka. Binti yake wa kwanza alikuwa darasa la nane. Wasomaji watakumbuka jinsi kalenda ya shule ilivyovurugwa na ugonjwa wa Korona, hata mtihani wa darasa la nane wa mwaka wa 2021 ukafanywa Machi 2022, na kidato cha kwanza kikaanza mwanzoni mwa Mei. Tulihesabu kwa vidole: miche ihamishwe shambani juma la kwanza la Januari, nyanya ziive kuanzia mwisho wa Machi, fedha ziwe mkononi kabla ya Mei. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Siku ya kununua, mwenye duka alitia oili katika injini, kwa maana injini hizi aghalabu hutoka kiwandani zikiwa kavu. Akaiwasha mara moja, ikanguruma, tukafurahi. Kisha akanipa risiti, kadi ya dhamana, na kijitabu cha maelezo. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilizitia zote tatu katika bahasha ya kaki, nikaandika juu yake “Pampu, Desemba 2021”, na Jumatatu nikaifungia katika mtoto wa meza yangu ofisini, Homa Bay. Pampu ikaenda Nyatike.

Mwezi wa Januari ulikwenda vema. Ndugu yangu aliniletea picha kwa simu, miche imesimama mistari kwa mistari katika robo ya eka, maji yakitiririka baina yake. Alikuwa akiiendesha pampu saa tatu hivi kwa siku, siku tano kwa juma. Jioni nilikuwa nikiwaonyesha makarani wenzangu picha zile, na mmoja wao akaanza kuniita mkulima.

Juma la kwanza la Februari nikapigiwa simu kwamba pampu inawaka kwa shida. Nikauliza, “Shilingi ngapi?” Fundi wa kando ya njia alitaka shilingi 350 za plagi mpya. Nikatuma. Baada ya siku chache inatoa moshi. Nikauliza, “Shilingi ngapi?” Ringi na kazi ya fundi, shilingi 2,800. Nikatuma. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mtu aweza kutengeneza kitu kilicho mbali naye kilomita nyingi bila kuinuka kitini, na jambo hilo ni neema kubwa. Lakini latufundisha tabia ya kudhani kwamba fedha ikifika, kazi imefanyika. Katika mazungumzo yote mawili sikuuliza swali jingine lolote, wala sikumwuliza ndugu yangu nini kilichobadilika tangu Januari.

Jumatano tarehe 16 Februari injini ilikwama kabisa. Kamba ya kuwashia haikuvutika. Fundi yule yule alisema chuma kinachoishika pistoni kimekatika, na gharama yake ni shilingi 9,600. Nyanya zilikuwa zimeanza kutunga, jua lilikuwa linachoma, na mimi sikuwa na shilingi 9,600.

Hapa yanipasa nieleze kosa la pili, ambalo ni la fedha, nami nilijua hesabu yake nilipokuwa nikilifanya. Sacco yetu ina mkopo wa dharura, kwa riba ile ile ya asilimia 1 kwa mwezi. Lakini fomu yake yataka wadhamini watie sahihi, na kamati ikae Ijumaa. Mkopo wa simu hautaki mdhamini. Nilibonyeza nambari nikiwa nimesimama foleni ya chakula, na kabla sijafika kwenye sahani, shilingi 10,000 zilikuwa zimeingia. Ada yake ilikuwa shilingi 75 kwa kila 1,000, kwa siku 30. Neno “ada” ni neno pole. Mtu akisikia shilingi 75 huona ni bei ya soda na andazi. Lakini mkopo huo ukiendelezwa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, kila shilingi 1,000 italipiwa shilingi 900 juu yake. Kwa mwezi mmoja nilikuwa nalipa shilingi 750 mahali ambapo Sacco ingenitoza shilingi 100. Zile shilingi 650 za tofauti ndizo niliyolipa ili nisingojee hadi Ijumaa. Na ajabu ni kwamba nilingojea vilevile, kwa sababu vipuri vilikuwa havipo na fundi alichukua siku tisa.

Tarehe ya kulipa ilipofika mwezi wa Machi, mshahara ulikuwa umekwisha kugawanywa. Nikakopa shilingi 11,000 kwa mkopeshaji mwingine wa simu ili nimlipe yule wa kwanza shilingi 10,750. Huyu wa pili ada yake ilikuwa shilingi 880. Hivyo kwa miezi miwili nilitoa shilingi 1,630 ambazo hazikununua hata kokwa ya nati.

Turudi shambani. Pampu ilitengenezwa, ikafanya kazi siku mbili, ikakwama tena vilevile.

Siku zile zote nyanya zilikuwa zikikaa bila maji, kisha zikipata mengi kwa ghafula, kisha zikikosa tena. Ndugu yangu akaanza kuona tunda likiwa bichi lina doa jeusi, gumu, chini kwenye kitako. Akadhani ni ugonjwa, akaenda dukani akanunua dawa ya kupulizia kwa fedha ya kukopa. Akapuliza mara mbili. Doa halikuondoka. Afisa wa kilimo alipopita baadaye alilitazama tunda moja tu akasema hakuna mdudu wala ukungu hapo. Mnyanya huchukua chokaa iliyomo ardhini pamoja na maji, na maji yakikatika-katika, chokaa haifiki kwenye tunda, na kitako huoza. Dawa ya ugonjwa huo ni kumwagilia kwa kipimo kimoja kila mara. Yaani pampu.

Jumamosi tarehe 5 Machi nilipanda matatu alfajiri, nikapita Rodi Kopany, Rongo na Awendo hadi Migori, na kutoka Migori nikachukua pikipiki kwenda nyumbani. Nilikuwa na daftari mfukoni, na ndani yake nilikuwa nimeandika kila shilingi niliyotuma, tarehe kwa tarehe. Njiani nilikuwa nikitunga maneno ya kusema. Sitayaandika hapa yote. Kwa ufupi yalikuwa kwamba mtu aliyepewa mali bila jasho hawezi kuitunza.

Nilimkuta mama amekaa mlangoni, na binti wa ndugu yangu amejiinamia kwenye meza ndani, anasoma. Mtihani wake ulikuwa unaanza Jumatatu. Mama aliniangalia usoni, akafahamu nilikuja na nini. Akasema, “Mwanangu, ukitaka kupiga kelele nenda huko mtoni. Huyu mtoto anasoma.” Nikaenda mtoni.

Ndugu yangu alisikiliza hadi mwisho. Sikumwona akikasirika, jambo lililonikasirisha zaidi. Kisha akasema tu, “Omera, tuipeleke Migori mjini kwa mzee mmoja anayetengeneza injini za mashua na za kusaga. Huyu wa hapa ameshindwa.” Tukaifunga kwenye pikipiki, tukaenda.

Yule mzee alikuwa na karakana ya mabati, sakafu yake nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Hakuanza kwa kutaja bei. Alifungua kizibo cha chini cha injini akamwaga oili katika kopo, akalipeleka mlangoni penye jua. Oili ilikuwa kidogo, nyeusi kama lami, na ndani yake mlikuwa na chembe zinazong’aa kama mchanga wa dhahabu wa Macalder. “Mmebadilisha oili mara ngapi?” akauliza. Ndugu yangu alisema alikuwa akiongeza kidogo ikipungua. Mzee akasema injini mpya husagana yenyewe kwa yenyewe saa za kwanza, nazo chembe zile ni chuma chake mwenyewe, kwa hiyo oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20. Nikapiga hesabu kimya kimya. Saa 20 zilikuwa zimetimia juma la pili la Januari. Tulikuwa tumeiendesha yapata saa 90.

Kisha akaifungua, akatutolea kile chuma kilichokatika. Katika ncha yake ya chini kulikuwa na kijiko kidogo, kama ukucha. Akatueleza kwamba injini ndogo kama hizi hazina pampu ya oili ndani. Kile kijiko, kila pistoni ishukapo, huchota oili iliyoko chini na kuirusha huku na huku, na kwa marusho hayo vyuma vyote hulainika. Akaweka kopo lile la oili juu ya meza, akaliinamisha upande, akasema, “Tazameni oili imekwenda wapi.” Oili yote ilikuwa imekimbilia pembeni. “Sasa kijiko kinachota nini?”

Ndugu yangu aliweka mkono kichwani. Akasema, “Niliishusha kwenye mteremko.”

Nami nikapata kuyasikia kwa mara ya kwanza mambo ambayo ningeyajua mwanzoni mwa Februari kwa swali moja. Mto ulikuwa umepungua kwa kiangazi. Januari pampu ilikaa juu ukingoni, mahali sawa, na maji yalikuwa karibu. Mto uliposhuka, pampu ikaanza kuvuta kwa taabu, maana pampu ya namna hii haiwezi kuyainua maji kutoka chini sana. Kisayansi ni uzito wa hewa unaoyasukuma maji kupanda mpirani, na kwa kazi ya kila siku ni mita saba hivi, nayo hupungua kadiri mpira ulivyo mrefu au kichujio kilivyoziba kwa matope. Ndugu yangu hakusoma habari hizo popote. Aliona kwa macho yake kwamba maji hayaji, akaisogeza pampu chini karibu na mto. Alifikiri sawasawa. Ila ukingo wa Kuja pale ni mteremko, na pampu ikakaa imeinama, siku zote, kuanzia juma lile lile iliyoanza kuwaka kwa shida. Na kila alipotazama kijiti cha oili, alikitazama injini ikiwa imeinama, kikamwonyesha kwamba oili ipo.

Mzee akauliza, “Kwani kijitabu chake kiko wapi? Mambo haya yote huandikwa humo, na picha huchorwa.”

Nikasema kiko ofisini.

“Ofisi gani?”

“Homa Bay.”

Mzee hakusema neno. Alichukua kitambaa akajifuta mikono. Ndugu yangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida tu, “Mimi sikujua kama ilikuja na kitabu.”

Daftari langu la kutuma fedha lilikuwa bado mfukoni. Sikulitoa.

Jioni ile, ndani ya matatu, nilikumbuka jambo la ofisini ambalo limenikaa hadi leo. Sehemu ya kazi yangu ni kupokea hati za safari za magari ya serikali. Dereva asiyeandika kilomita alizokwenda, na tarehe gari lilipobadilishwa oili, simpi kibali cha petroli. Nimewarudisha madereva watu wazima kuliko mimi, mmoja alikaribia kulia. Mtu huyo huyo, kwa mashine aliyoinunua kwa deni la mshahara wake mwenyewe, hakuuliza hata mara moja imefanya kazi saa ngapi. Wala si mara yangu ya kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, katika nyumba yangu ya kupanga, fyuzi ya kichwa cha waya wa pasi iliungua, nikatia waya wa kawaida mahali pake na pasi ikawaka, nikajiona fundi. Ile fyuzi ya ampea 13 iliwekwa pale iungue yenyewe kabla ya nyumba. Kwa bahati kilichoyeyuka ni soketi na kipande cha pazia.

Mzee wa Migori aliitengeneza kwa shilingi 7,000, kwa kutumia chuma kilichotoka katika injini nyingine. Fedha hizo hazikutoka kwangu. Mama aliuza ndama jike aliyekuwa akimtegemea, bila kutuuliza, na zilizobaki akaziweka kwa ajili ya shule. Ukijumlisha plagi, ringi, kazi ya kwanza na kazi ya mzee, tulitumia shilingi 19,750 kuitengeneza pampu iliyonunuliwa kwa 23,500, haijatimiza miezi mitatu. Chupa ya lita moja ya oili wakati ule tuliinunua kwa shilingi 600, na injini ile haichukui hata lita nzima. Na kuhusu mteremko, dawa yake haikuhitaji hata fedha. Ndugu yangu aliporudi mtoni alichukua jembe, akakata ngazi pana ukingoni, mahali sawa kama meza, akaiweka pampu juu yake. Ilimchukua muda usiofika saa moja.

Nyanya tulivuna makreti 17. Tulikuwa tumetazamia 60.

Binti alipita mtihani, akapata nafasi katika shule ya bweni, na mwezi wa Mei akaripoti akiwa amechelewa siku nane, kwa kuwa fedha za ndama hazikutosha, nami nilikuwa bado namlipa yule mkopeshaji wa pili. Siku nane si nyingi. Lakini mtoto aliyefika wa mwisho hupewa kitanda kilichobaki na vitabu vilivyobaki, naye aliniambia hivyo alipofunga shule, bila kunilaumu, akidhani kwamba ananisimulia tu habari za shule.

Kabla hajaenda alitusaidia jambo moja. Katika yale majuma ya kungojea matokeo nilikipeleka kile kijitabu nyumbani. Kiliandikwa kwa lugha nne, na hakuna hata moja kati yake inayozungumzwa Nyatike ila Kiingereza cha shuleni. Nilikaa usiku mmoja nikayafasiri yaliyo ya lazima kwa Kiswahili, kwa maneno mazito ya kiofisi, nikampa ndugu yangu. Alisoma, akanirudishia kwa adabu. Binti akaichukua ile karatasi, akamwuliza baba yake maswali, wakaenda pamoja mtoni wakagusa kila kifaa, kisha akaiandika upya kwa Kijaluo kwa mwandiko wake safi, mistari tisa tu. Pampu inyweshwe maji tumboni kabla ya kuwashwa, kwa kuwa ikizunguka kavu raba yake ya ndani huungua. Ikae mahali sawa. Kijiti kitazamwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Oili ibadilishwe kila saa 100. Kichujio kisilale kwenye matope, kining’inizwe kwa kamba juu ya sakafu ya mto. Na mengine ya namna hiyo. Karatasi ile imefungwa ndani ya nailoni na kufungwa kwa waya kwenye chuma cha kushikia pampu, nayo ipo mpaka leo, ingawa jua limeifanya ya manjano.

Tena tulianza daftari la saa. Kila siku pampu ifanyapo kazi, ndugu yangu huandika imeanza saa ngapi na imezimwa saa ngapi. Kwa kila saa tunaweka shilingi 20, yeye 10 na mimi 10, katika akiba ambayo haiguswi ila kwa pampu. Mwanzoni alisema ni fedha ndogo. Saa 300 zilipotimia zilikuwa shilingi 6,000, na mpira wa kuvuta ulipopasuka mwaka wa 2023 tuliununua mwingine siku ile ile, bila simu, bila foleni, bila kumwomba mtu.

Mwaka wa 2024, wakati wa masika, mto Kuja ulifurika vibaya, na Ziwa lenyewe likapanda mno. Ile ngazi aliyoikata kwa jembe ilichukuliwa na maji pamoja na ukingo wake. Pampu haikuchukuliwa. Ndugu yangu alikuwa ameiondoa usiku kabla maji hayajafika, akaibeba begani hadi kwa mama, yeye na kijana wa jirani. Maji yalipopungua alikata ngazi nyingine.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani niliomba kuliona daftari, kwa mazoea ya kazi yangu. Aliniletea, akasimama kando akitazama mbuzi. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa umeandikwa: “Saa 700. Oili mpya. Kichujio kimeoshwa. Ndugu mkubwa hajaleta 1,000 zake.”

Nilikuwa nimesahau. Nikatoa simu, nikamtumia pale pale. Simu yake ikalia mfukoni, akaisoma, akachukua kalamu, akaukata ule mstari kwa mstari mmoja ulionyooka, kama tufanyavyo ofisini, ili maandishi ya chini yake yaendelee kusomeka.